Uzi: Nimefungua boksi la seti ya rezini ya kugeuza Zaku kuwa Zaku Cannon, na haya ndiyo niliyoyakuta

MsasaLaini (Osaka):

Wakuu, salaam kwenu nyote. Niliwaahidi siku nyingi kwamba nikipata seti ya rezini, yaani ya vipande vilivyomiminwa kwenye kalibu vikiwa majimaji kisha vikaganda, nitaifungua mbele yenu kipande baada ya kipande, na leo naitimiza ahadi hiyo. Seti yenyewe ni ya kugeuza Zaku II ya kipimo cha 1/100 kuwa Zaku Cannon, yaani ile iliyobeba mzinga wa milimita 180 juu ya bega la kulia. Niliipata katika duka moja la mitumba huko Nipponbashi, mtaa wa hapa Osaka ambao maduka yake ya modeli yamebanana kama maduka ya nguo ya Mtaa wa Kongo pale Kariakoo.

Wengi wenu mnajua kwamba Zaku ni roboti ya upande wa adui katika Mobile Suit Gundam, tamthilia ya katuni iliyoanza kurushwa Japani mwaka 1979, na kwamba mchoraji wake ni Kunio Okawara. Zaku Cannon haikuwemo katika tamthilia hiyo. Ilitokana na MSV, mfululizo wa modeli za plastiki wa mwaka 1983, ambao uliwapa mafundi visingizio vya kuendelea kujenga Zaku za kila namna baada ya hadithi kwisha. Ndiyo maana naipenda: ni roboti iliyozaliwa mezani kwa mafundi.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba seti ya kugeuzia si roboti kamili. Ndani yake mna vile vipande vinavyobadilika tu, na vilivyobaki vyote, kuanzia mifupa ya ndani hadi nyayo, vinatoka kwenye modeli ya plastiki unayoinunua kando. Mimi natumia Zaku ya daraja la Master Grade, ile ya Ver. 2.0 iliyotoka mwaka 2007, kwa sababu ina mifupa kamili ya ndani na viungo vyake vinabana vizuri. Kwa hiyo mezani pangu pana maboksi mawili: moja limepakwa picha ya vita yenye moshi na moto, na jingine ni boksi jeupe lililobandikwa karatasi ya rangi moja, ambalo ungeweza kulidhania la viatu vya mtoto.

Kibandiko cha duka kilisema kwamba vipande vimetimia na kwamba boksi halijawahi kufunguliwa. Tepu iliniambia vingine, kwa kuwa chini ya tepu mpya palikuwa na alama ya manjano ya tepu ya zamani. Ndani nilikuta mifuko mitatu ya nailoni na karatasi moja ya A4 yenye michoro pande zote mbili. Hakuna fremu za kushikilia vipande kama za modeli za plastiki, hakuna namba zilizochongwa kando ya kila kipande, hakuna rangi. Kila kitu ni cha rangi ya maziwa yaliyochujuka, na kina harufu hafifu ya dawa inayokaa vidoleni hata baada ya kunawa.

Karatasi inataja vipande 31. Nikatandaza taulo jeupe, nikavipanga kwa kufuata mchoro, nikahesabu, nikapata 29. Nikahesabu tena. Kabla sijaanza kulaumu mtu, nilirudi kwenye rundo la takataka nililokuwa nimelitenga, yaani vile vijiti vinavyobaki pale rezini ilipomiminwa au pale hewa ilipotokea, na humo nikaona fimbo nyembamba ya milimita 14 ambayo ncha yake moja ilikuwa na tundu la duara kamili. Vijiti vya takataka havina matundu ya duara kamili. Ilikuwa mkono wa darubini ya mzinga, nami nilikuwa nimebakiza hatua mbili kuitupa kwenye ndoo. Tangu hapo nimejiwekea sharti kwamba sikati wala situpi chochote mpaka hesabu ikamilike na picha ipigwe.

Kipande cha 31 hakipo. Ni pete ya mdomo wa mzinga. Duka walinisikiliza kwa adabu na kunirudishia yeni 500, lakini pete hawana.

Sasa niseme ninavyoikagua seti hii, kwa sababu hapa ndipo nadhani wengi tunakosea. Mtu akifungua mfuko hukimbilia uso: huangalia kama mistari ya kichwa imechongeka vizuri, kama misumari midogo ya mabega inaonekana, kisha husema seti ni nzuri au mbaya. Uso wa seti hii kwa kweli ni mzuri sana, na kichwa kimetoka kikali hata ukipitisha ukucha kwenye mfereji wa jicho unasikia kona. Lakini uso uliokosewa unarekebishika kwa putty (lipu ya kuziba nyufa) na msasa jioni moja. Kisichorekebishika kirahisi ni pale rezini inapokutana na plastiki. Kwa hiyo mimi huanzia huko, na kalipa, kile kipimo cha unene na kipenyo, mkononi.

Mkoba wa mgongoni, ambao ndio unabeba mzinga, unaingia kwenye kiwiliwili kwa vigingi viwili vinavyotakiwa kuwa na kipenyo cha milimita 3. Kigingi cha kushoto kilipima 3.0 kila upande. Cha kulia kilipima 2.9 nilipokishika kwa wima na 3.2 nilipokishika kwa ulalo. Maana yake nusu mbili za kalibu zilihama kidogo wakati wa kumimina, kigingi kikatoka kama yai badala ya duara. Ukikilazimisha kiingie, ama kitavunjika, ama kitapasua tundu la plastiki, na kwa bahati mbaya kigingi hicho hicho ndicho kilicho upande wa mzinga. Nitakikata chote, nitoboe kwa keekee ya mkono na kupachika kijiti cha shaba.

Kasoro nyingine nitazipitia upesi. Mtutu una urefu wa milimita 80 na umepinda, kiasi kwamba ukiulaza juu ya kioo ncha yake inaelea milimita 2. Kona ya chini ya mkoba ina vitundu vinne vya mapovu, kimojawapo kikubwa kama kichwa cha pini. Mstari wa mshono wa kalibu unaonekana kwenye mabega yote mawili. Haya yote ni ya kawaida, na mtutu tayari nimeunyoosha: dakika moja kwenye maji ya moto yasiyochemka, nikaulaza juu ya kioo, nikaubana kwa kitabu na kuumwagia maji baridi.

Kisha nikaosha kila kitu kwa maji vuguvugu, mswaki wa zamani na sabuni ya kuoshea vyombo, nikiwa nimeweka chujio la chai juu ya tundu la sinki. Kalibu za silikoni huacha mafuta juu ya vipande, na ukipaka rangi juu ya mafuta hayo, siku utakayobandua tepu rangi nayo itaondoka.

FundiJahazi (Mombasa):

Shukrani kwa maelezo, kaka. Mimi natengeneza maboti ya faiba, na nikisoma neno rezini najiona nipo nyumbani, ila kuna mambo mawili yananitatiza. Rezini yetu tunaitia dawa ya kugandisha kwa kiasi kidogo sana, asilimia moja au mbili tu, na harufu yake haiwi hafifu hata kidogo. Ukiifungua kopo jirani wa tatu anajua. Pia yetu peke yake, bila kitambaa cha faiba, huwa kavu na hukatika kama biskuti. Je, hiyo yako ndiyo hii yetu au ni nyingine? Na kama mtu akitaka kujimiminia pete yake iliyopotea, je, atumie hii ya maboti?

MsasaLaini:

Fundi, swali lako ni la maana kwa sababu neno ni moja na vitu ni viwili. Ya maboti ni poliesta. Hii ya modeli ni poliyurethani, ambayo huja katika chupa mbili zinazochanganywa kwa uwiano unaokaribiana, mara nyingi nusu kwa nusu, na huganda ndani ya dakika chache bila kuhitaji kitambaa. Ni ngumu lakini ina unyumbufu kidogo, ndiyo maana nimeweza kuunyoosha mtutu kwa maji ya moto.

Kwenu pwani ina adui mmoja ambaye wewe utamwelewa kuliko mtu wa bara. Chupa moja kati ya zile mbili ina isosianeti, na kitu hicho kikikutana na unyevu wa hewani hutoa gesi. Chupa ikikaa wazi wakati wa masika, utakachomimina kitavimba na kujaa mapovu kama unga wa mandazi. Wenye kazi hiyo katika nchi za joto hununua chupa ndogo ndogo na kuzifunga mara moja.

Na tafadhali, kwa poliesta na kwa poliyurethani pia, vumbi lake usilivute. Sugua kwa msasa ukiwa umelowesha maji, na uvae barakoa ya kuzuia vumbi laini, si kitambaa cha kujifunga puani.

TabakaKwaTabaka (Nairobi):

Nimesoma kwa makini, na bila kumkosea mtu heshima nauliza: mwaka huu, mtu ana sababu gani ya kununua rezini iliyomiminwa, yenye mapovu, yenye vigingi vya umbo la yai, ilhali printa ya rezini inayogandishwa kwa mwanga inachapa kwa tabaka za milimita 0.05 na kila nakala inafanana na nyingine? Mimi nachapa nyumbani. Kipande kikikosekana nabonyeza kitufe, nachapa kingine.

Pete yako ni kazi ya dakika chache kuichora. Nipe kipenyo cha nje, unene na tundu, nikutumie faili. Huko Osaka hutakosa mwenye printa.

MsasaLaini:

Dada, sina ugomvi na printa, na faili nitaipokea kwa mikono miwili. Kipenyo cha nje ni milimita 9.0, unene 2.5. Tundu halimo kwenye mchoro, lakini tunaweza kulipata kwa hesabu: mzinga wa milimita 180 ukiugawanya kwa 100 unapata 1.8, na hiyo ndiyo keekee niliyopanga kutobolea mdomo wa mtutu.

Kuhusu swali lako la kwanza, jibu langu ni kwamba seti hii ilitengenezwa kwa kuchonga mfano wa kwanza kwa mkono, kisha kalibu ikatolewa juu ya mfano huo. Alama za tupa za yule fundi bado zinaonekana ndani ya mkoba, mahali ambapo hakudhani mtu angetazama. Sisemi kwamba hilo linafanya kigingi kiwe duara, maana halifanyi. Nasema tu kwamba nilipoliona nilikaa kidogo nikiliangalia.

Upande wa kazi, vipande vilivyochapwa nilivyowahi kugusa vilikuwa rahisi kumeguka kwenye ncha nyembamba kuliko poliyurethani, na kusugua ngazi za tabaka ndani ya mifereji midogo ni adhabu. Pengine vyako ni bora.

TabakaKwaTabaka:

Kumeguka nakubali, hasa mtu asipopima muda wa kukigandisha baada ya kukiosha. Ukizidisha mwanga kinakuwa kama kioo. Ngazi sikubali kabisa, kwani zinategemea pembe uliyokilazia kipande wakati wa kuchapa, na hilo ni kosa la mpishi, si la sufuria. Faili nimekutumia kwenye ujumbe wa faragha. Nimeongeza ziada ya milimita 0.1 ya kupunguza kwa msasa.

MwanaMaskati (Muscat):

Assalaam alaykum. Seti inayofanana na hiyo nimeiona mtandaoni kwa theluthi ya bei inayotajwa mahali pengine, na muuzaji anasema ubora ni ule ule. Picha zake zinapendeza. Kuna ubaya gani nikiichukua?

MsasaLaini:

Waalaykum salaam, shekhe. Kwa bei hiyo, nina karibu hakika kwamba ni nakala ya nakala: mtu alinunua seti halisi, akavitia vipande vyake kwenye silikoni kutoa kalibu, na sasa anauza watoto wa seti hiyo. Nitakujibu kwa pande mbili, ya mkono na ya haki.

Ya mkono ni hii. Rezini ikiganda hupungua kidogo. Tuseme inapungua nusu asilimia. Mtutu wa milimita 80 unapoteza milimita 0.4. Nakala inapungua tena juu ya upungufu wa kwanza. Vipande vya rezini kwa rezini vitaendelea kuingiana kwa sababu vyote vimepungua pamoja, na ndiyo maana picha zinapendeza. Lakini plastiki ya Bandai, kampuni inayotengeneza modeli ya Zaku yenyewe, haikupungua. Kwa hiyo shingo itacheza ndani ya kola, mkoba utaacha ufa mgongoni, na kifuniko cha bega hakitafika mahali pake. Nilisema mwanzo kwamba seti ya kugeuzia hupimwa pale rezini inapokutana na plastiki, na nakala huharibika hapo hapo.

Ya haki inahitaji historia fupi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijana wa Japani walianza kumimina modeli zao wenyewe majumbani, kwa kuwa viwanda havikutengeneza walivyovitaka. Mikusanyiko yao ikazaa Wonder Festival, iliyoanzishwa na General Products ya hapa Osaka na kuendeshwa na Kaiyodo tangu 1992, ambayo siku hizi hufanyika mara mbili kwa mwaka Makuhari Messe, mkoani Chiba. Huko ulijengeka utaratibu wa leseni ya siku moja: mwenye haki ya mhusika humruhusu fundi mdogo kuuza idadi fulani ya seti siku hiyo na mahali hapo tu. Kalibu ya silikoni nayo haina umri mrefu. Baada ya kumiminiwa mara makumi machache huanza kukatika kwenye kona. Kwa hiyo mtu anachonga kwa miezi, anauza seti chache, anarudisha gharama na pengine faida ndogo. Anayenakili hakuchonga wala hakuomba leseni. Hela ni yako, shekhe, lakini mimi singeichukua hata kwa robo.

MwanaMaskati:

Nimekuelewa, na nimeghairi. Hilo la ufa mgongoni ndilo lililonitisha zaidi, nakiri.

KijanaWaTemeke (Dar es Salaam):

Kaka zangu na dada zangu, shikamooni. Nimejenga modeli mbili za plastiki za 1/144, zote bila rangi. Je, naweza kuanza na seti kama hii? Na gundi ya plastiki niliyonayo itafaa?

MsasaLaini:

Marahaba, mdogo wangu. Gundi yako haitafaa, kwa sababu inafanya kazi kwa kuyeyusha polistirini, na rezini haiyeyuki kwa gundi hiyo; itakaa juu kama maji juu ya jani la mgomba. Rezini inataka supagluu au epoksi, na kwa kipande chenye uzito uongeze kijiti cha shaba ndani. Kuhusu kuanza, ningekushauri ujenge kwanza modeli moja ya plastiki na kuipaka rangi yote kuanzia praima, kwa sababu rezini bila rangi haina ladha. Ukifika huko jihadhari na jambo moja: mifupa ya ndani ya modeli nyingi za Master Grade ni ya plastiki ya ABS, na kiyeyushi cha rangi za enameli kikipenya kwenye viungo vilivyobanwa huweza kuvipasua.

FundiJahazi:

Kaka, nimeutazama mchoro wako nikaingiwa na wasiwasi wa kifundi. Chombo kikipakiwa mzigo upande mmoja kinalala. Umeupima huo mzinga?

MsasaLaini:

Nimeupima, na swali lako limenitesa siku tatu, kwa hiyo naleta matokeo.

Watu husema rezini ni nzito kuliko plastiki. Kwa ujazo ule ule tofauti ni ndogo sana. Kinacholeta uzito ni kwamba vipande vya plastiki ni maganda matupu ndani, na vya rezini vimejaa. Mzinga pamoja na kitako chake ulipima gramu 19 kwenye mizani ya jikoni. Sikutaka kuubandika kisha nijute, nikatumia sarafu za yeni 1, ambazo kila moja ina uzito wa gramu 1 kamili. Nilitia sarafu 19 kwenye kifuko, nikakitundika bega la kulia la Zaku ya plastiki, nikaisimamisha mezani na kushusha uzi wa timazi kutoka utosini. Usiku viungo vya miguu vilishika. Asubuhi kiuno kilikuwa kimejipinda polepole, na utosi ulikuwa umeuacha mstari kwa milimita 6.

Hatua ya kwanza ikawa kuutoboa mzinga. Kitako chake ni bonge tupu lisilo na sababu ya kujaa, nikalichimba kutoka upande wa ndani usioonekana, kwa keekee ya milimita 5 na maji mengi, mpaka mizani ikasoma gramu 15. Zaidi ya hapo niliogopa ukuta.

FundiJahazi:

Mguu wa kushoto ni mtupu? Tia chubwi. Sisi tukikosa mizani tunatia mawe chini, na samaki hawalalamiki.

MsasaLaini:

Ni mtupu, na kwa bahati njema nyayo za Zaku ni pana kama makasia. Nimepata chubwi mbili za wavuvi, nikazizungushia epoksi pande zote ili risasi isiguse plastiki wala vidole vyangu, nikazikaza ndani ya wayo wa kushoto, nikarudia jaribio kwa sarafu 15. Jana saa tatu usiku niliishusha timazi, na leo saa moja asubuhi nimeitazama tena: utosi umeuacha mstari kwa milimita 1, na kiuno hakijajipinda. Leo jioni nakata kile kigingi cha umbo la yai.